Jina la Jirani Lisifanywe Tusi

Yeyote asomaye Kiingereza hukutana mapema na neno "Dutch". Akifungua kamusi huambiwa kwamba maana yake ni mtu wa Uholanzi, au lugha yake, au kitu cha nchi hiyo. Maana hiyo ni ya kweli, lakini haimfikishi msomaji mbali. Mwingereza akisema kwamba fulani amepata "Dutch courage", hasemi kwamba fulani amekwenda Amsterdam kufundishwa ushujaa. Asema kwamba amekunywa pombe, na pombe ndiyo iliyompa moyo. Akisema kwamba maneno yako ni "double Dutch", hakusifu kwa kujua lugha ya kigeni. Asema kwamba wapayuka tu, wala hakuna akuelewaye. Na akikualika kwenye chakula cha "Dutch treat", usiache fedha zako bwenini, maana kila mtu atajilipia mwenyewe.

Maneno ya namna hii ni mengi. "Dutch uncle" ni mtu akukemeaye kwa ukali mwingi, naye wala si mjomba wako. "Dutch comfort" ni faraja ya mtu akuambiaye kwamba ungaliweza kupatwa na mabaya zaidi. "Dutch concert" ni muziki ambao kila mpigaji apiga wimbo wake mwenyewe, ikawa kelele tupu. "Dutch bargain" ni biashara ipatanwayo watu wakiwa wanakunywa. Na Mwingereza wa zamani akitaka kuapa kwamba jambo haliwezekani, alisema, "Kama ni hivyo, basi mimi ni Mholanzi!" Ukiyapanga maneno haya yote pamoja waona kwamba yamchora mtu mmoja: mlevi, mchoyo, mkali, mwenye kelele, na asiyeeleweka asemapo. Je, Waholanzi ndivyo walivyo? Hasha. Basi ni nani aliyemchora mtu huyu, na kwa sababu gani?

Nimechagua kuandika habari hii katika kurasa za Kiswahili, wala si katika zile za Kiingereza, kwa sababu naona yatuhusu sisi tukaao kati ya Jinja na Mbale zaidi ya iwahusuvyo Waingereza. Maoni yangu ni haya: jina la taifa au la kabila likigeuzwa kuwa tusi, latuonyesha ugomvi wa yule aliyelitamka, wala halituambii lolote juu ya yule atajwaye. Nasi twafanya kazi hiyo hiyo kila siku, tena kwa majirani walioketi nasi dawati moja.

Kwanza tutazame asili ya neno lenyewe. Halikuzaliwa na ubaya wowote. Latoka katika neno la kale la kaskazini ya Ulaya lililokuwa na maana ya "watu". Lugha ya namna hiyo ilikuwa lugha ya watu wa kawaida, tofauti na Kilatini, lugha ya wasomi na ya kanisa. Wajerumani wamelihifadhi neno lilo hilo, na hata leo hujiita "Deutsch". Waingereza nao kwa muda mrefu waliliita "Dutch" kila jambo la watu wa upande ule, Wajerumani na Waholanzi pamoja. Baadaye Waholanzi walipigana na wafalme wa Hispania kwa miaka mingi, wakapata taifa lao lenyewe, likakubaliwa rasmi mwaka 1648. Tangu nyakati zile Waingereza walizidi kulipunguza neno likabaki kwa Waholanzi peke yao, kwa kuwa hao ndio waliokuwa karibu nao ng'ambo ya bahari. Huko Marekani maana ya zamani haikufa: watu waitwao "Pennsylvania Dutch" si uzao wa Waholanzi, bali wa watu wasemao Kijerumani waliohamia kule katika karne ya 17 na ya 18.

Jambo la kupendeza ni kwamba neno hili lilifika mpaka kwetu. Wajerumani walipokuja kutawala Tanganyika, kuanzia mwaka 1885 hadi vita kuu ya kwanza, watu wa pwani waliwasikia wakijiita "Deutsch", wakawaita Wadachi. Basi "Mdachi" wa Kiswahili na "Dutch" wa Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja, lakini mmoja ameoa Ujerumani na mwingine ameoa Uholanzi! Na watu wa pwani, ambao hawakuwa na kamusi mikononi, walikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu waliwaita wageni kwa jina ambalo wageni wenyewe walijiita. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana nitalirudia.

Basi jina safi kama hili lilichafukaje? Lilichafuka kwa sababu ya biashara na vita. Katika karne ya 17 Waholanzi walikuwa matajiri wa bahari. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1602, na merikebu zao zilileta viungo na vitambaa vingi Ulaya. Waingereza walitaka biashara hiyo hiyo. Nchi hizo mbili zikapigana mara tatu katika muda wa miaka isiyozidi 25: toka 1652 hadi 1654, toka 1665 hadi 1667, na toka 1672 hadi 1674. Mwezi wa Juni 1667 Waholanzi waliingia na merikebu zao katika mto Medway, karibu na London, wakazichoma merikebu za Waingereza, na ile kubwa iitwayo Royal Charles wakaivuta mpaka kwao. Aibu hiyo haikusahauliwa upesi. Mtu akishindwa kulipa kisasi kwa mizinga hulipa kwa ulimi, na ulimi, kama tujuavyo, hauna mfupa. Ndipo "Dutch" likawa neno la kutia mbele ya kila kitu kibaya, au cha uongo, au cha bei rahisi.

Lakini tazama jinsi historia inavyocheka. Mwaka 1689 Waingereza wenyewe walimtawaza Mholanzi, William wa Orange, kuwa mfalme wao. Vita ikaisha, wafalme wakapatana, wafanyabiashara wakapatana. Matusi peke yake ndiyo yaliyobaki vitabuni. Nayo yamebaki hata leo, ijapokuwa watu wengi wayatumiao hawajui hata kidogo kwamba ni makombo ya vita ya zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Wala si Waholanzi tu. Mtu akiondoka karamuni bila kuaga, Waingereza husema ameondoka Kifaransa. Wafaransa nao, kwa jambo lilo hilo, husema ameondoka Kiingereza. Basi ni taifa gani lisilojua kuaga? Hapo twaona wazi kwamba usemi wa namna hii haupimi tabia ya watu; kila mmoja auchukua uchafu ulioko mlangoni pake akautupa kwa jirani. Wahenga wetu walisema, "Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe."

Tuache sasa Ulaya, turudi nyumbani. Katika Uganda majina ya mataifa yamekwisha kutumiwa mahali pasipo pake, na matokeo yake hayakuwa mzaha. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe, Wakatoliki kutoka kwa Wafaransa, wakafika mwaka 1879. Baada ya miaka michache Waganda waliobatizwa waligawanyika katika vyama viwili. Waprotestanti waliitwa "Waingereza", na Wakatoliki waliitwa "Wafaransa". Tafakari jambo hili: Mganda aliyezaliwa Buganda na babu zake, asiyepata kuiona bahari, aitwa Mfaransa kwa sababu ya namna anavyosali! Januari 1892 vyama hivyo vilipigana vita pale Mengo, watu wakafa. Sisemi kwamba jina peke yake lilileta vita, maana ulikuwapo ugomvi wa madaraka na wa ardhi. Lakini jina lilisaidia, kwa kuwa ni rahisi kumpiga jirani yako ukiisha kumwita mgeni.

Ili kuonyesha kwamba Ukatoliki si mali ya Wafaransa, Roma ilitenga sehemu ya mashariki mwaka 1894, ikawapa mapadre wa shirika la Mill Hill, ambalo makao yake yalikuwa London. Mapadre wa kwanza walifika mwaka 1895, na ndio walioeneza kazi yao Busoga, na kuzunguka Mbale na Tororo. Watu wakaambiwa kwamba sasa wamepata mapadre wa Kiingereza. Lakini shirika hilo lilikuwa na vijana wengi kutoka Uholanzi, na katika miaka iliyofuata wengi wa mapadre "wa Kiingereza" waliofundisha na kujenga huku mashariki walikuwa Waholanzi halisi! Basi wazee wetu walimjua Mholanzi si kwa "Dutch courage" ya kamusi, bali kwa mtu aliyepanda pikipiki katika matope ya masika, akajenga shule na zahanati, akajifunza Lugisu au Kiteso. Ukitaka kumjua mtu, mtazame kazini. Usimtafute katika misemo ya adui yake.

Sasa napenda kuwagawia wasomaji majina ya namna hii katika mafungu matatu, maana si yote yaliyo mabaya, na mtu asiyeyatenga atapiga vita na upepo.

Fungu la kwanza ni majina yanayotaja mahali kitu kilipotoka, au mahali watu walipodhani kimetoka. Waingereza huita "Dutch oven" chungu kizito cha chuma chenye mfuniko wa kuweka makaa juu yake. Hakuna tusi hapo. Kadhalika "Dutch auction" ni mnada unaoanza kwa bei ya juu ukashuka, mpaka apatikane wa kwanza kukubali bei. Wengine hudhani kwamba ni mzaha, lakini ni kazi ya kweli: maua yameuzwa hivyo Uholanzi kwa miaka mingi, pale Aalsmeer, na mawaridi yaliyolimwa Uganda karibu na ziwa yamepita katika minada hiyo. Kiswahili nacho kina majina kama hayo. Twasema "amerikani" kwa kitambaa kile ambacho wafanyabiashara wa Marekani walikileta Zanzibar katika karne ya 19. Twasema "mahindi", na jina lenyewe lataja Hindi, ijapokuwa mmea huo asili yake ni Amerika. Waingereza nao wamempa bata mzinga jina la nchi ya Uturuki, naye pia ni ndege wa Amerika. Makosa ya namna hii hayamdhuru mtu. Na pengine jina la watu hugeuka kuwa sifa njema. Kahawa ya Bugisu, iliyopandwa katika miteremko ya mlima Elgon na kukusanywa na chama cha ushirika kilichoanzishwa Mbale mwaka 1954, imejulikana nchi za mbali kwa jina la Wagisu. Huko jina la kabila lamaanisha ubora. Laiti majina yetu yote yangetumiwa hivyo!

Fungu la pili ni majina yaliyotolewa kwa kutojua, kama yale ya "Mfaransa" wa Buganda. Dawa yake ni kujifunza, na mtu akiisha kujifunza hana sababu ya kuendelea.

Fungu la tatu ndilo baya: kabila zima kufanywa jina la kosa. Hapa nitataja mifano michache ya kwetu. Matusi mengine nayajua, lakini sitayaandika, maana kuyaandika ni kuyapanda upya.

Waganda wa zamani waliwaita watu wa mashariki Wakedi. Jina hilo lilieleweka kuwa na maana ya watu wasiovaa nguo, nalo lilisemwa kwa dharau. Semei Kakungulu na wafuasi wake walipokuja kutawala huku, wakaweka boma Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, jina walikuja nalo. Serikali ya Kiingereza ikalichukua na kuliandika katika ramani, ikawa wilaya ya Bukedi. Fikiri mtoto wa Kigwere, au wa Kinyole, au wa Kijaluo wa Tororo, anayekwenda ofisini kulipa kodi, akaandikiwa katika karatasi ya serikali jina ambalo jirani alimpa kwa kumcheka! Hata hivyo wenyewe wamelishinda. Leo kuna shule na dayosisi zenye jina la Bukedi, na watu hulitaja bila haya. Lakini angalia: walioliosha jina hilo ni wenye jina, si wale waliolichafua. Kazi ngumu ya kufua iliwaangukia waliotupiwa tope.

Mfano wa pili ni Wanubi. Wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha kutoka Sudani, na Lugard aliwachukua kutoka karibu na ziwa Albert mwaka 1891. Tangu hapo wamekaa Bombo, na Jinja, na miji mingine mingi. Pombe kali ipikwayo majumbani, ambayo leo twaiita waragi, Waingereza wa zamani waliiita "Nubian gin", yaani jini ya Wanubi. Ilipikwa na kunywewa na watu wa kila kabila, hata hivyo jina wakabebeshwa Wanubi, ambao kwa wingi ni Waislamu, na dini yao yakataza pombe! Hapa naona picha ya "Dutch courage" yenyewe: watu wanywa wao, na jina la ulevi wampa jirani.

Mfano wa tatu ni wa darasani. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alishindwa na swali la fizikia ubaoni, akasema kwa sauti, "Hiki ni Kikaramoja kitupu!" Darasa zima likacheka. Kijana mmoja atokaye upande wa Moroto hakucheka. Aliinamia daftari lake akaendelea kuandika. Mwenzetu yule hakukusudia ubaya, nami najua kwamba ni mtu mwema. Lakini maneno yake ndiyo "double Dutch" ya Uganda. Tena angalia upumbavu wa semi hizi mbili. Kiholanzi ni ndugu wa karibu sana wa Kiingereza, hata neno la maji huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili, herufi kwa herufi. Na Kikaramoja ni ndugu wa Kiteso, lugha isemwayo Soroti, Kumi na Tororo, na wasemaji wake huweza kuelewana kwa sehemu kubwa. Basi lugha hiyo haieleweki kwa nani? Haieleweki kwa sisi ambao hatukujifunza. Twaufanya ujinga wetu kuwa kosa la mwenzetu.

Mfano wa mwisho watugusa sisi tuandikao na kusoma kurasa hizi, nao ni jina "Mswahili". Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, wala hapana baya ndani yake. Lakini sikiliza linavyosemwa. Mtu akikuzungusha katika deni huambiwa, "Acha Uswahili." Ahadi isiyo na ukweli huitwa maneno ya Kiswahili. Katika miji ya Uganda, Mwislamu wa mjini aliweza kuitwa Mswahili hata kama baba yake na mama yake ni Wagisu. Na wako wengi wasemao mpaka leo kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya wezi. Siwalaumu wazee wenye kumbukumbu za miaka ya 1970 na ya 1980, walioamriwa kwa Kiswahili na watu wenye bunduki; kumbukumbu zao ni za kweli na zauma. Lakini bunduki ndiyo iliyowaumiza, wala si nomino na vitenzi. Mwizi huiba kwa lugha aijuayo. Kampala huiba kwa Luganda, na London huiba kwa Kiingereza, wala sijasikia mtu aliyekataa kujifunza Kiingereza kwa sababu hiyo.

Watu wa Jinja wangepaswa kulijua jambo hili kuliko wote. Bwawa la Owen Falls lilipojengwa, na kituo chake cha umeme kikafunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikaongezeka mjini, wafanyakazi walikuja kutoka pande zote za Uganda, na kutoka Kenya, wakakaa pamoja katika nyumba za Walukuba. Msoga, Mluo, Mlugbara na Mteso wangesemezana kwa lugha gani? Wengi walisemezana kwa Kiswahili, ijapokuwa hakikuwa fasaha. Na leo Katiba ya Uganda, kwa mabadiliko ya mwaka 2005, yakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tutakifundishaje, nasi twalitumia jina lake kama jina la ulaghai? Mtoto aliyesikia nyumbani kwamba Uswahili ni uongo atakuja darasani amekwisha kuziba masikio.

Najua watakaonipinga. Watasema, "Hayo ni maneno ya utani tu. Waholanzi wenyewe hawalalamiki wakisikia 'Dutch courage', wengine hata hucheka. Kwa nini sisi tuwe wepesi wa kuumia?" Hoja hii si ya kudharauliwa, nami nakubali sehemu yake. Utani ni jambo jema, na katika Afrika yako makabila yenye utani wa desturi, ambamo kila mmoja amcheka mwenzake, kisha wazikana na kusaidiana. Lakini utani wa kweli una sharti moja: wote wawili wana haki ya kujibu, na wote wawili wajua kwamba ni utani. Waholanzi hawaumii kwa sababu wana nchi yao, na serikali yao, na utajiri wao. Maneno ya Kiingereza hayawanyimi kazi wala nyumba. Zaidi ya hayo, ugomvi wenyewe ulikufa zamani. Kwetu sivyo. Kijana wa Moroto hana taifa jingine la kukimbilia. Taifa lake ni hili letu, na darasa lake ni hili letu. Akitafuta chumba cha kupanga Mbale, au kazi Jinja, lile neno lililotuchekesha hutangulia mbele yake na kubisha mlango kabla yake. Mwenye nyumba akiisha kulisikia, husema kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa. Huo si utani tena.

Wengine watasema, "Lugha haiwezi kuamriwa, maneno huja na kwenda yenyewe." Ni kweli kwamba hapana serikali iwezayo kulifuta neno kwa sheria. Lakini maneno hayatembei kwa miguu yao. Hubebwa na vinywa, na vinywa ni vyetu. Misemo mingi ya "Dutch" iliyokuwa ikisemwa zamani imekwisha kufa Uingereza, hata Mwingereza kijana huhitaji kamusi ili aijue. Haikuuawa na polisi. Ilikufa kwa sababu watu waliacha kuisema.

Basi tufanye nini sisi wanafunzi? Naona mambo manne, na yote yawezekana bila fedha.

La kwanza, tukitaka kutaja kosa, tulitaje kosa lenyewe. Mlevi aitwe mlevi, na mdanganyifu aitwe mdanganyifu. Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Kama kila mtu atajilipia, tuseme "kila mtu atajilipia", nasi tumeeleweka bila kumsumbua Mholanzi.

La pili, tuwaite watu kwa jina wanalojiita. Watu wa pwani walifanya hivyo kwa Wadachi, na hakuna aliyepata hasara. Kama hatujui jina, tuulize. Swali moja la adabu lapita kamusi kumi.

La tatu, tujifunze misemo ya Kiingereza, kwa maana tutakutana nayo vitabuni na katika mitihani, lakini tujifunze na historia yake pamoja. Mtu ajuaye kwamba "Dutch courage" ni kovu la vita ya kale huitazama kama atazamavyo mkuki wa makumbusho: apata maarifa, wala hana haja ya kumchoma mtu.

La nne, kila mmoja wetu ajifunze salamu walau za lugha moja ya jirani, ambayo mpaka sasa aliiona kuwa kelele. Msoga ajifunze Kiteso, Mgisu ajifunze Kikaramoja, Mteso ajifunze Lugisu. Lugha uliyokwisha kusalimiana nayo haiwezi kukuchekesha tena.

Wahenga walisema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi." Ni kweli: leo tusi ni jina la Mkaramoja, kesho litakuwa jina la Mgisu au la Msoga, kwa sababu mwenye tabia hiyo akiisha kulimaliza jina moja hutafuta lingine. Hakuna kabila lililo salama katika mchezo huo, hata lile liuanzishalo. Njia ya salama ni kuuacha mchezo wenyewe, tena tuuache tungali shuleni, kabla hatujapata vyeo na mihuri ya kuyaandika majina hayo katika karatasi za serikali, kama walivyofanya wale waliotutangulia.